Kompyuta haipati intaneti mpaka nizime fayawoli. Fundi anasema niizime moja kwa moja. Ni sawa?

#1 MwanaUtaani · Jumatatu, saa 2:14 usiku
Assalaam alaykum. Niko Wete. Wiki iliyopita nilinunua kompyuta ya mezani ya mtumba pale Mlandege, nikavuka nayo kwa boti. Nimeiweka chumba cha uani, watoto waifanyie kazi za skuli na mama apigie hesabu za duka. Ina Windows 10. Ruta iko ukumbini, kwa hiyo nimevuta waya wa mita kama 20 kupitia juu ya dari.

Simu zote humu ndani zinapata intaneti safi. Kompyuta inaonesha imeunganishwa, lakini ukifungua ukurasa wowote unazunguka tu mpaka unakufa. Fundi wa hapa mtaani alikuja, akazima fayawoli ya Windows, ile programu inayochuja kinachoingia na kinachotoka kwenye kompyuta, papo hapo kurasa zikafunguka. Nikiiwasha zinagoma. Nimejaribu mara nne, ni vile vile. Akanambia: "Iache imezimwa, hiyo ni ya maofisini, nyumbani haina kazi." Nimemlipa, keshaondoka, lakini moyo haujatulia. Wanaojua naomba mnieleze.

#2 Kipanga · saa 2:31 usiku
Waalaykum salaam. Fundi hajakosea sana. Vifaa vya ndani ya nyumba hupewa anwani za ndani, nyingi zinaanza na 192.168, na anwani hizo hazitembei huko nje. Mtu wa nje anaiona ruta tu, haioni kompyuta yako. Tena angalia ndani ya ruta, pale penye anwani ya upande wa nje. Ukikuta inaanza na 100 na namba ya pili iko kati ya 64 na 127, basi hata ruta yenyewe haionekani, kampuni imewakusanya wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mie nyumbani kwangu Fuoni iko hivyo.

#3 KarafuuMbichi · saa 2:40 usiku
Usiizime yakhe! Aliyekwambia nyumbani hakuna hatari hajakaa na watoto wanaopakua michezo kutwa.

#4 FundiWaya · saa 3:02 usiku
Tuanze na vipimo, maneno baadaye. Washa fayawoli tena, fungua kile kidirisha cheusi cha amri, uandike haya moja moja na utuletee majibu:
ipconfig
ping 192.168.1.1 (hapo unaiita ruta uone itajibu; au weka namba yoyote uliyoikuta mbele ya "Default Gateway")
ping 8.8.8.8 (hiyo ni seva ya Google, iko huko nje)
nslookup na jina la tovuti yoyote

Anwani yako ikianza na 169.254, ruta haijakupa kitu kabisa, tutazame waya. Ruta ikijibu na 8.8.8.8 isijibu, tatizo liko baada ya ruta. Vyote viwili vikijibu lakini jina likagoma, basi kinachozuiwa ni ile huduma ya kugeuza majina kuwa namba.

#5 BintiMkunazini · saa 3:20 usiku
Kaka Kipanga, hapo kwenye #2 umesema mtu wa nje haoni. Sawa. Je, mtu wa ndani?

Nyumba yetu ya Mkunazini ni ya zamani, kuta za mawe na chokaa, unene karibu nusu mita. Waifai ikiwa chini haipandi juu. Tulipovuta intaneti, majirani wa ghorofa ya juu waliomba nenosiri, tukawapa, na ruta tukaiweka kwenye ngazi ili kila mmoja apate. Ujirani ndio huo, huwezi kumnyima mtu unayepelekeana naye futari. Mie ni mshoni. Kwenye kompyuta nina folda ya vipimo vya wateja wangu na picha za mitindo, wengine wamepigwa picha wakiwa wamevaa nguo za harusi, bila ya mtandio. Folda ile niliifungua ili niione kwenye simu yangu, sikuiwekea nenosiri.

Siku moja kijana wa juu anateremka, ananambia kwa nia njema kabisa: "Dada, kwenye tivii yetu zinatokea picha zako." Tivii ilikuwa inatafuta video ndani ya mtandao, ikaikuta folda yangu. Nilikaa pale kwenye ngazi miguu haina nguvu. Picha za wake za watu, amana niliyopewa. Tokea siku hiyo fayawoli yangu haijazimwa hata dakika moja, na folda haiko wazi kwa yeyote.

#6 Kipanga · saa 3:28 usiku
Pole sana dada. Hilo sikulifikiria, ni kweli nilizungumzia wa nje tu.

#7 MzeeWaBaraza · saa 3:45 usiku
Ahsante binti kwa kutueleza. Watu wengi hudhani mwizi lazima atoke mbali. Ile minyoo ya kompyuta iliyofunga mafaili ya watu dunia nzima mwaka 2016, WannaCry, haikusubiri mtu abofye kitu. Ikishaingia kompyuta moja ndani ya ofisi, inazirukia zilizo jirani yake.

#8 Dafrau77 · saa 3:52 usiku
Shikamoo mzee. Sahihisho dogo, WannaCry ni Mei 2017. Ya 2016 ni Mirai, iliyokuwa ikiteka kamera na ruta ambazo wenyewe hawakubadilisha nenosiri la kiwandani. Lakini ulichosema juu ya kurukia jirani ni kweli, ilipitia mlango namba 445, huo huo wa kushirikiana mafaili. Kompyuta ambayo fayawoli yake imeufunga mlango ule haifikiki, hata jirani yake akiugua.

#9 MzeeWaBaraza · saa 3:55 usiku
Marahaba. Nimepokea.

#10 MwanaUtaani · Jumanne, saa 1:10 asubuhi
Majibu ya FundiWaya, fayawoli ikiwa imewashwa. Anwani 192.168.1.37. Ruta inajibu. 8.8.8.8 inajibu, mara nne kwa nne. nslookup haijibu, inasema muda umekwisha. Nikizima fayawoli, nslookup inajibu pale pale.

Na kitu kingine ambacho jana sikukitia maanani. Juu ya ukurasa wa fayawoli pana maandishi mekundu madogo, tafsiri yake ni kama "baadhi ya mipangilio inasimamiwa na taasisi yako". Mie sina taasisi, nina duka la mama.

#11 FundiWaya · saa 1:25 asubuhi
Basi hapo pana habari. Ilivyotoka kiwandani, fayawoli ya Windows haizuii kinachotoka. Huzuia kinachoingia bila ya kuitwa, na kinachotoka hukiachia. Wewe yako inazuia swali la majina linalotoka kupitia mlango namba 53. Kuna mtu ameandika kanuni hiyo kwa mkono wake. Kompyuta hiyo ilikuwa ya ofisi kabla ya kufika Mlandege, na ofisi nyingi hutaka maswali ya majina yapite kwenye seva yao peke yake.

Fungua kile kidirisha cheusi kwa haki za msimamizi, andika: netsh advfirewall reset
Itarudi kama ilivyozaliwa.

#12 Kipanga · saa 1:33 asubuhi
Nakubaliana na ya ofisi, ila naona ni sera ya ofisi, yaani maagizo ya msimamizi wao ya kuitawala kompyuta, imebaki ndani, si kanuni ya kawaida. Sera husomwa kila kompyuta inapowaka, na baadaye hujirudia kila dakika 90 hivi. Atafuta, itarudi.

#13 NahodhaWaKonde · saa 2:05 asubuhi
Samahanini, hili neno fayawoli linanikwaza. Wengine wanasema ukuta wa moto, mama yangu alipolisikia akauliza moto umetoka wapi ndani ya kompyuta. Mie naiita ngome. Ina kuta, ina lango, na langoni pana mlinzi anayeuliza unatoka wapi. Kama Ngome Kongwe ya pale Forodhani waliyoijenga Wareno.

#14 MzeeWaBaraza · saa 2:20 asubuhi
Mwanangu, Ngome Kongwe si ya Wareno. Wareno pale walikuwa na kanisa. Ngome waliijenga Waomani baada ya kuwatoa Wareno, mwishoni mwa karne ya 17. Lakini jina lako nimelipenda. Kwa Kiingereza neno lenyewe lilianza kwa mafundi wa nyumba, ni ukuta unaozuia moto usihame chumba hadi chumba, kwa hiyo "ukuta wa moto" linapotosha. Ngome linaeleza.

#15 NahodhaWaKonde · saa 2:24 asubuhi
Nimekosea, ahsante mzee. Basi nashika ya Chake, ile iliyo na makumbusho.

#16 KarafuuMbichi · saa 2:30 asubuhi
Wapemba bwana, hata fayawoli mmeshaipeleka Chake 😄

#17 Swala_wa_Jozani · saa 4:12 asubuhi
Mbona mnahangaika. Windows 10 imeshaachwa, masahihisho ya usalama ya bure yalikoma 14 Oktoba 2025. Ngome nzuri juu ya nyumba yenye ufa haisaidii. Weka Ubuntu, mfumo mwengine badala ya Windows, ni bure, na ngome yake unaiwasha kwa mstari mmoja: sudo ufw enable. Hapo kinachoingia kimezuiwa, kinachotoka kimeachiwa.

#18 MwanaUtaani · saa 4:40 asubuhi
Nimeisikia. Ila programu ya hesabu za duka ni ya Windows, na mama ameizoea. Kumbadilishia sasa nitamvunja moyo.

#19 Swala_wa_Jozani · saa 4:44 asubuhi
Mama kwanza. Lakini liweke moyoni.

#20 Dafrau77 · saa 5:15 asubuhi
Kwa upande wangu neno zito si la Ubuntu, ni la kusafisha. Kompyuta ya mtumba hujui aliyekaa nayo. Kama ofisi iliweza kuandika kanuni za ngome, iliweza pia kuweka programu ya kuitawala kutoka mbali. Futa kila kitu, weka Windows upya, anza na diski safi. Mie ya kwangu niliyonunua Darajani ilikuwa na jina la mtu na barua zake za kazi bado zimo. Nilizifuta bila ya kuzisoma, lakini mwengine je?

#21 MwanaUtaani · saa 2:50 usiku
Nimefanya ile amri ya #11. Mashaallah, ngome imewashwa na kurasa zinafunguka! Watoto washaanza kugombania kiti. Ahsante FundiWaya.

#22 FundiWaya · saa 2:58 usiku
Alhamdulillahi. Sasa nenda kwenye mipangilio ya mtandao, uchague kuwa mtandao huo ni wa umma, si binafsi, madhali hushirikiani mafaili na printa na mtu. Watu husikia "wa umma" wakaogopa, wanadhani watafunguliwa. Maana yake ni kinyume, unaiambia kompyuta kuwa hapa iko barazani, isijioneshe.

#23 BintiMkunazini · saa 3:10 usiku
Kaka hili ndilo lililonikuta, mie nilichagua binafsi kwa kuwa niliona ni nyumbani kwangu.

Na kwa anayetaka kuwapa majirani: ruta nyingi zina mtandao wa wageni. Unauwasha, unaupa jina lake na nenosiri lake, anayeingia huko anapata intaneti lakini vifaa vyako havioni. Sisi sasa ghorofa ya juu wako huko. Hakuna aliyenyimwa, na hakuna anayeona vya mwenzake. Nilikwenda kuwaeleza mwenyewe, na sahani ya kaimati mkononi, ili wasione nimewafungia mlango.

#24 Mjerumani_Ghorofani · saa 3:35 usiku
Huku Michenzani kwenye majumba marefu simu yangu inahesabu mitandao zaidi ya 30 nikikaa sebuleni. Nenosiri la jirani mmoja linajulikana mpaka kwa wauza urojo wa chini. Na ile njia ya kubonyeza kitufe au kutia namba 8 badala ya nenosiri, WPS, izimeni. Udhaifu wake umejulikana tangu 2011, namba zile hubahatishwa kwa saa chache tu. Kwenye usalama wa Waifai chagueni WPA2 au WPA3, WEP isiguswe kabisa.

#25 Kipanga · saa 3:41 usiku
Na nenosiri la kuingilia ndani ya ruta yenyewe, lile lililobandikwa kwenye kitako chake, libadilisheni. Watu hubadilisha la Waifai wakaliacha lile.

#26 MwanaUtaani · Alhamisi, saa 1:30 usiku
Jamani imerudi. Leo alasiri umeme ulikatika kama nusu saa. Uliporudi nikawasha, kurasa zikazunguka kama mwanzo. Nimezima ngome, zimefunguka lakini kwa shida, nyengine zinatoa onyo. Kisha nikaona na saa ya kompyuta imerudi nyuma miaka. Sikupima kwa nslookup mara hii, watoto walikuwa wananililia na kazi ya skuli, nikaizima ngome wakamaliza, nikaiwasha.

#27 Kipanga · saa 1:38 usiku
Si nilisema #12. Sera imejisoma upya kompyuta ilipowaka.

#28 KarafuuMbichi · saa 1:45 usiku
Saa hiyo! Betri ndogo ya kwenye ubao mama imekufa, ile ya duara CR2032. Umeme ukikatika kompyuta inasahau tarehe. Tarehe ikikosea, kurasa zenye kufuli zinakataa, kwa sababu cheti chake, yaani kitambulisho cha tovuti chenye tarehe, kinaonekana bado hakijaanza. Mie nilihangaika wiki nzima na ruta, kumbe betri.

#29 FundiWaya · saa 2:02 usiku
Betri imekufa, hilo halina ubishi. Lakini saa ikikosea unapewa onyo la cheti, ukurasa hauzunguki kimya. Ametaja yote mawili, naona yako matatizo mawili yamepandana.

Kipanga, ya sera nayo haikai sawa. Ile amri niliyompa haigusi sera. Ingekuwa sera, asingepata intaneti hata hiyo Jumanne. Mie nashuku pana programu ya zamani ya ofisi, ya kuzuia virusi au ya usimamizi, ambayo haikuondolewa yote. Kompyuta ikiwaka inaamka na kuandika kanuni zake upya. Tangu Jumanne ulikuwa ukiizima au ukiilaza tu?

#30 MwanaUtaani · saa 2:09 usiku
Nilikuwa nailaza tu. Kuzimika hasa ni leo, kwa umeme.

#31 Kipanga · saa 2:15 usiku
Hoja yako ina uzito, fundi. Lakini yale maandishi ya taasisi yametoka wapi kama hakuna sera? Programu iliyobaki haiandiki maneno hayo.

#32 FundiWaya · saa 2:20 usiku
Zipo zinazoandika.

#33 NahodhaWaKonde · saa 2:48 usiku
Mie nitasema la mtu wa pwani. Umeuangalia waya? Kwetu Konde upepo wa kusi ukishika, chumvi inakula kila kitu. Kichwa cha waya wa ruta kina pini nane, zikiota ukijani mawasiliano yanakuja na kukatika, na mtu anadhani ni alichokibonyeza yeye ndicho kilichotengeneza. Wengine wanalaumu mpaka ruta isiyo na kosa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, mtaani kwetu watu watatu waliziweka upya ruta zao zikapoteza mipangilio yote bure.

#34 Dafrau77 · saa 2:55 usiku
Nahodha, waya mbovu haujui kama ngome imewashwa au imezimwa. Amejaribu mara nne, #1.

#35 NahodhaWaKonde · saa 2:57 usiku
Siku ile mara nne. Leo mara moja.

#36 FundiMdogo_Chake · saa 3:30 usiku
Nimesoma uzi wote kimya. Mie ni fundi mtaani kama huyo aliyekuja kwake, na neno lake limeniuma kwa sababu nimewahi kulisema. Mteja anakuita, amesimama juu ya kichwa chako, watoto wanalia, analipa kazi ikionekana imekwisha. Kuzima ngome kunachukua nusu dakika, kutafuta kanuni iliyojificha kunachukua kutwa, na hakuna anayelipa kutwa. Lakini baada ya kusoma #5 ya dada wa Mkunazini sitamwambia tena mtu aiache imezimwa. Nitamwambia nirudi kesho.

#37 BintiMkunazini · saa 3:36 usiku
Allah akuzidishie, kaka.

#38 MwanaUtaani · Ijumaa, saa 11:20 jioni
Baada ya sala ya Ijumaa nimeifungua. Nimetia betri mpya. Nimechomoa kichwa cha waya upande wa uani: pini mbili za shaba zina ukijani, na moja imezama ndani kuliko wenzake. Nimekata, jirani mwenye koleo amenibania kichwa kipya, tumezipanga nyaya kuanzia nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, buluu, mpaka mwisho kahawia. Kisha nikatafuta kwenye orodha ya programu, nikaikuta moja nisiyoijua, ya usimamizi, nimeiondoa. Na lile folda la sera la ndani ya Windows nimelifuta pia, kama wanavyoeleza.

Nimewasha. Kurasa zinafunguka, ngome iko juu, saa iko sawa, maandishi mekundu hayapo.

#39 FundiWaya · saa 11:28 jioni
Hongera sana. Ila umebadilisha vinne kwa mpigo ndugu yangu! Sasa mie na Kipanga tutabishana mpaka Ramadhani.

#40 Kipanga · saa 11:31 jioni
Folda la sera kalifuta, maandishi yakaondoka. Mie nimetosheka.

#41 FundiWaya · saa 11:33 jioni
Na programu aliiondoa kwanza.

#42 Dafrau77 · saa 11:50 jioni
Mie bado nasema diski isafishwe. Alichokiona amekiondoa, asichokiona?

#43 MwanaUtaani · saa 1:05 usiku
Nimechomoa umeme na kurudisha mara tatu, kila mara naacha dakika kumi. Inafunguka. Dafrau, Inshaallah wiki ijayo nikipata flashi kubwa nitahifadhi hesabu za mama kisha nisafishe. Mtandao wa wageni nao nimeshauwasha, nyumba ya pili wamehamia huko. Sasa mama ananisukuma kitini, anataka kufunga hesabu za leo, nampisha.